Marafiki wawili, kocha mmoja, dhahabu moja

Hebu jiulize swali hili kabla hatujafika mbali. Una rafiki wa chanda na pete. Mnasoma chuo kimoja, mnapiga tizi pamoja kila jioni na kocha wenu ni mmoja. Siku ya siku inafika, wapinzani wengine wote wameachwa nyuma, mmebaki nyinyi wawili. Na kile mnachokitafuta ni kimoja tu, hakigawanyiki. Utamwombea ashinde? Ama kimoyomoyo utamwombea ateleze?

Usiharakishe kujibu. Swali hilo lilimkuta kijana mmoja kutoka Taiwan, Yang Chuan-kwang, usiku wa Septemba 6, 1960, ndani ya uwanja wa Olimpiki jijini Roma. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita C.K. tu. Rafiki yake aliitwa Rafer Johnson. Kocha wao alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Elvin Drake, ila kila mtu alimjua kwa jina la utani, Ducky. Na mchezo wao ulikuwa dekathloni.

Najua wengi wetu tukisikia riadha, akili inakimbia moja kwa moja hadi Iten na Eldoret, mbio za masafa marefu, Kipchoge na Kipyegon. Kwa hivyo wacha kwanza nikueleze dekathloni ni nini, manake bila hilo hutaelewa kilichompata Yang.

Siku mbili, kazi kumi

Dekathloni ni michezo kumi inayofanywa na mtu mmoja kwa siku mbili. Siku ya kwanza unaanza na mbio za mita 100, kisha unaruka umbali, unarusha tufe, unaruka juu, na jioni unafunga na mita 400. Ukilala, kama usingizi utakuja, unaamkia mita 110 kuruka viunzi, kurusha kisahani, kuruka kwa upondo, kurusha mkuki, na mwisho kabisa, mwili ukiwa umechakaa, unaambiwa ukimbie mita 1,500.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Katika dekathloni hupati medali kwa kuwa wa kwanza katika mita 100 au katika mkuki. Kila muda unaokimbia na kila umbali unaorusha hutafutwa kwenye jedwali maalum na kugeuzwa kuwa alama. Alama za michezo yote kumi zinajumlishwa, na mwenye nyingi ndiye bingwa. Unaweza kumshinda mwenzako katika michezo mingi na bado ukarudi nyumbani umeshindwa. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Kijana wa Taitung

Yang alizaliwa Julai 10, 1933, huko Taitung, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Taiwan. Kwao ni Waamis, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia waliokuwa kisiwani kabla Wachina hawajahamia. Wakati huo Taiwan ilikuwa koloni la Japani, na ilibaki hivyo hadi 1945. Yaani Yang alizaliwa chini ya serikali moja, akabalehe chini ya nyingine, na katika zote mbili watu wa jamii yake walikuwa wachache wasio na usemi mkubwa.

Kilichomfungulia mlango ni mwili wake. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 20, alishinda dekathloni katika Michezo ya Asia mjini Manila. Huko Ufilipino ndiko alikopewa jina la Mtu wa Chuma wa Asia, na jina hilo likamganda maisha yake yote. Miaka miwili baadaye alikwenda Olimpiki ya Melbourne akamaliza wa nane. Aliyeshinda fedha huko Melbourne alikuwa mwanafunzi wa chuo kutoka California. Ndiye huyo huyo Rafer Johnson.

Mwaka 1958 Yang alitetea taji lake la Asia mjini Tokyo. Lakini bingwa wa Asia na bingwa wa dunia ni watu wawili tofauti, na yeye alilijua hilo. Akafunga safari kwenda Marekani, akaishia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kile tunachokiita UCLA. Huko ndiko alikokuwa Drake, na ndiko alikokuwa Johnson.

Fikiria kidogo. Unaondoka kwenu, unavuka Bahari ya Pasifiki, lugha huijui vizuri, chakula si cha kwenu, kisha unajiunga na timu ambayo ndani yake yupo mtu unayetaka kumshinda. Wakenya kibao wamepita njia inayofanana na hiyo, wakaenda vyuo vya Marekani kwa nguvu ya miguu yao. Ukiwa na ndugu au jirani aliyepata ufadhili wa aina hiyo, muulize miezi ya kwanza ilikuwaje.

Johnson naye hakuwa na maisha ya mteremko. Alizaliwa Texas mwaka 1934, wakati Mmarekani mweusi alikuwa akibaguliwa kisheria, na familia yake ikahamia mji mdogo wa Kingsburg, California. Pale UCLA alichaguliwa kuwa rais wa wanafunzi. Roma alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kubeba bendera ya taifa lake katika ufunguzi wa Olimpiki.

Wawili hawa walifanya mazoezi pamoja na wakawa marafiki wa kweli. Johnson alikuwa jitu la kurusha, mabega mapana, mikono yenye nguvu. Yang alikuwa mwepisi, mwenye mbio na miruko. Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa, kwa hivyo kila jioni uwanjani mmoja alikuwa mwalimu wa mwingine. Hebu niambie wewe, ungemfundisha mpinzani wako mbinu zako?

Matunda yalionekana Julai 1960 mjini Eugene, Oregon. Johnson alivunja rekodi ya dunia kwa alama 8,683. Yang alikuwa wa pili kwa alama 8,426, na hizo pia zilikuwa juu ya rekodi ya zamani. Watu wawili walivunja rekodi ya dunia siku moja, wote wanafunzi wa kocha mmoja.

Roma, usiku wa kwanza

Kabla hata hawajaanza kushindana Roma, Yang alikuwa na mzigo mwingine. Kulikuwa na mvutano kuhusu jina la nchi yake. Serikali yao ilitaka kuitwa Jamhuri ya China, lakini wakuu wa Olimpiki wakaamua timu iingie kwa jina la Formosa. Siku ya ufunguzi, ofisa mmoja wa timu hiyo alitembea mbele ya majukwaa akiwa ameshika bango dogo la kueleza kwamba wanashiriki huku wakilalamika. Na Taiwan haikuwa imewahi kupata medali hata moja ya Olimpiki. Matumaini yote yalikuwa juu ya mabega ya kijana wa Kiamis.

Septemba 5 mashindano yakaanza. Yang alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.7, Johnson 10.9. Kwenye kuruka umbali Yang alifika mita 7.46, Johnson 7.35. Unaona mambo yanavyokwenda? Kisha likaja tufe. Johnson alilitupa mita 15.82. La Yang lilianguka mita 13.33.

Tofauti hiyo ya mita mbili na nusu ilikula kila kitu alichokuwa amekusanya, na zaidi. Mvua kubwa nayo ikanyesha, mashindano yakasimamishwa, watu wakakaa wakingoja na misuli ikipoa. Yang akarudi akashinda kuruka juu, na akashinda mita 400 kwa sekunde 48.1 dhidi ya 48.3. Walimaliza karibu saa tano usiku. Yang alikuwa amemshinda Johnson katika michezo minne kati ya mitano, lakini aliyelala akiongoza alikuwa Johnson, kwa alama 55.

Asubuhi yake Yang aliruka viunzi kwa sekunde 14.6, Johnson akavurugikiwa na kumaliza kwa 15.3. Sasa Yang alikuwa mbele. Kisahani kikarudisha uongozi kwa Johnson, aliyemzidi kwa zaidi ya mita nane. Upondo ukampa Yang nafuu kidogo. Mkuki ukaenda kwa Johnson, kwa mita moja na nusu tu.

Ikabaki mita 1,500. Johnson alikuwa mbele kwa alama 67. Ukizigeuza kuwa muda, maana yake ni kwamba Yang angechukua dhahabu iwapo angemwacha Johnson kwa takriban sekunde kumi. Na katika mbio hizo Yang alikuwa na kasi kubwa kuliko rafiki yake, tena kwa mbali. Ungekuwa mtu wa kubashiri mechi, pengine pesa zako ungeziweka kwa Yang.

Kocha angefanya nini?

Sasa mfikirie mzee Drake. Vijana wake wawili wako hapo, mmoja wa nchi yake, mwingine mgeni aliyevuka bahari kumfuata. Kila mmoja alimwendea kwa wakati wake kuomba ushauri wa mbio hiyo ya mwisho. Angeweza kumwambia mmoja ukweli na mwingine maneno ya kumridhisha. Nani angejua?

Drake aliwapa wote wawili ushauri wa kweli. Yang aliambiwa akimbie kwa nguvu amwache Johnson mbali kadiri awezavyo, kwa sababu Johnson hana pumzi ya masafa hayo. Johnson aliambiwa amshikilie Yang kama kivuli, asimwache aondoke hata kidogo, na ajue kwamba Yang atajaribu kuchomoka mwishoni.

Yaani kocha alijua mipango yote miwili, na aliipanga yote miwili ili ifanye kazi. Kilichobaki kilikuwa cha wenyewe uwanjani.

Ilikuwa usiku, taa zikiwaka. Yang alichomoka. Johnson akamfuata. Yang akaongeza kasi, akageuza shingo, akamwona Johnson yupo. Akajaribu tena, akamwona yupo. Mzunguko wa mwisho alijitahidi kwa kila kilichosalia mwilini, na bado alisikia hatua za rafiki yake nyuma ya mgongo. Yang alimaliza kwa dakika 4 sekunde 48.5. Johnson alimaliza kwa dakika 4 sekunde 49.7, muda wake bora kabisa maishani. Sekunde moja na pointi mbili tu nyuma yake. Yang alihitaji kumi.

Matokeo ya mwisho yalikuwa Johnson alama 8,392, Yang alama 8,334. Tofauti 58. Wa tatu, Vasily Kuznetsov wa Muungano wa Sovieti, alikuwa nyuma ya Yang kwa alama 525. Hesabu tena michezo yote kumi, utaona Yang alimshinda Johnson katika saba. Mitatu aliyoshindwa ni ile ya kurusha tu, tufe, kisahani na mkuki.

Baada ya mstari wa mwisho, wawili hao waliegemeana, kichwa cha mmoja begani kwa mwenzake, wote wakitafuta hewa. Picha hiyo ipo hadi leo. Ukiitazama bila kujua matokeo, huwezi kusema nani kashinda. Fedha ya Yang ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Taiwan.

Rekodi iliyolishinda jedwali

Johnson alistaafu baada ya Roma. Yang hakustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 27 na deni moja la sekunde chache.

Wakati huo upondo wa faibaglasi ulikuwa umeingia, ule unaopinda kama upinde halafu unakurusha juu. Yang aliujulia haraka. Mapema mwaka 1963 aliweka rekodi ya dunia ya kuruka kwa upondo ndani ya ukumbi, akiwazidi hata watu ambao upondo ndio ulikuwa mchezo wao pekee. Kisha Aprili mwaka huo, mjini Walnut, California, alifanya kitu ambacho hakuna mwanadamu alikuwa amekifanya. Alipata alama 9,121, mtu wa kwanza duniani kuvuka 9,000. Katika upondo aliruka mita 4.84, juu mno kiasi kwamba jedwali la alama liliishiwa. Waliolitunga mwanzoni mwa miaka ya 1950 hawakuwahi kuota kwamba mwanadekathloni angefika huko.

Furaha haikudumu. Jedwali jipya lilianza kutumika kabla ya Olimpiki ya Tokyo, na lilipunguza thamani ya ile michezo iliyokuwa ikimpa Yang alama nyingi, hasa upondo. Rekodi yake ilipohesabiwa upya ilishuka kwa zaidi ya alama 1,000. Wengine nao walipunguziwa, lakini hakuna aliyeumia kama yeye. Ni kama umefanya mtihani ukapata A, kisha muhula unaofuata unaambiwa mfumo wa kusahihisha umebadilika.

Tokyo 1964, mbele ya Waasia wenzake, Yang alimaliza wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa Willi Holdorf wa Ujerumani. Ukitaka kujua sisi tulikuwa wapi wakati huo, ni katika michezo hiyo hiyo ya Tokyo ambapo Wilson Kiprugut alishinda shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Mmoja alikuwa akifungua ukurasa, mwingine akifunga.

Kutoka mwanafunzi hadi kocha

Hapo ndipo habari nyingi za wanamichezo huishia. Medali, rekodi, kisha kimya. Sisi wenyewe tunao mabingwa tuliowapigia makofi, kisha tukawasahau hadi tuliposikia wamo matatani.

Yang alichukua njia ya mzee Drake. Alirudi Taiwan akawa kocha, akafanya kazi katika kituo cha taifa cha mazoezi huko Zuoying, mjini Kaohsiung. Baadhi ya vijana waliopita mikononi mwake walikuwa wanadekathloni Ku Chin-shui na Lee Fu-an. Ku naye alikuwa Mwamis kama yeye.

Usidhani kazi hiyo ni ya kupuliza filimbi na kushika saa. Kocha wa mbio fupi ana mchezo mmoja wa kuufikiria. Wa dekathloni ana kumi, na michezo hiyo inapigana yenyewe kwa yenyewe. Ukimjaza kijana misuli ya kurusha tufe, atalia kwenye mita 1,500. Ukimkonda ili akimbie, kisahani kitaanguka miguuni pake. Lazima kocha ajue lini aache mchezo mmoja ulegee ili mwingine upande. Nani angelijua hilo kuliko mtu aliyekosa dhahabu ya Olimpiki kwa sababu ya tufe lililoanguka mita mbili na nusu nyuma?

Miaka ya 1980 aliingia pia katika siasa, akawa mbunge. Lakini ukitaja jina lake Taiwan leo, watu watakuambia habari za Mtu wa Chuma.

Na ule urafiki? Haukuvunjika. Johnson aliendelea na maisha yake Marekani, akawa miongoni mwa waliosukuma Michezo Maalum ya watu wenye ulemavu wa akili, na mwaka 1984 ndiye aliyewasha mwenge mkuu wa Olimpiki ya Los Angeles. Yeye na Yang waliendelea kuwa marafiki hadi Yang alipofariki California Januari 27, 2007, akiwa na umri wa miaka 73. Johnson alimfuata Desemba 2020. Mzee Drake alikuwa ametangulia miaka mingi kabla yao, na uwanja wa riadha wa UCLA unaitwa kwa jina lake mpaka sasa.

Wewe je?

Huenda hutarusha tufe hata siku moja maishani mwako. Ni sawa. Lakini ukiwa chuoni, kazini ama mtaani, una mtu mnayekimbizana naye. Labda mnatafuta ajira moja, nafasi moja ya ufadhili, au namba moja kwenye timu. Siku hizi tunafunzwa kuficha. Ukipata tangazo la kazi unalikalia kimya mbogi wasije wakakutangulia. Ukijua njia, unajifanya hujui.

Yang na Johnson walifichuliana kila kitu kwa miaka, na hilo halikumzuia yeyote kati yao kuwa bora duniani. Kila mmoja alifika pale kwa sababu mwenzake alikuwa akimvuta. Ule muda bora wa Johnson katika mita 1,500 usingepatikana kama mgongo aliokuwa akiufuata haungekuwa wa Yang.

Na kama kweli unaipenda riadha lakini mbio ndefu hazikupendi, usijione huna kwenu. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa mita 92.72. Nicholas Bett naye alishinda mita 400 kuruka viunzi katika mashindano hayo hayo. Nenda uwanja wa chuo chako, ulizia tufe liko wapi. Yawezekana limefungiwa stoo, linakula vumbi. Liombe. Tena nenda na rafiki yako, yule yule unayeogopa kwamba atakushinda.